Miji ya Uingereza kwa Macho ya Majirani wa Kiuu

Mtu wa Kiuu akisikia jina la Birmingham, hafikiri Uingereza kwanza, hufikiri Thika. Kwa miaka mingi mji wa Thika umeitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake vya nguo, vya ngozi na vya kutia mananasi makoponi, na jina hilo limekaa vinywani mwa watu hata hakuna aulizaye lilitoka wapi. Wengi walitumiao hawakupata kuiona Birmingham yenyewe, wala hawana haja ya kuiona. Lakini walikuwako watu wa mitaa hiyohiyo ya Kiambu na Murang'a, majirani wa Ruiru na Thika, walioiona kwa macho yao zaidi ya miaka 90 iliyopita, pamoja na London, Oxford na Manchester. Hawakwenda kutembea. Walikwenda kwa ajili ya ardhi.

Kiuu leo ni wadi katika Ruiru, kando ya barabara kuu iendayo Thika, ile barabara pana iliyofunguliwa mwaka 2012. Nyumba zake ni za ghorofa, zimesongamana, na matatu hazikomi kupita usiku wala mchana. Siku zile tunazozitaja, nchi yote hii baina ya Nairobi na Thika ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi: kahawa huku, katani kule, na reli iliyofika Thika mwaka 1913 ikipita katikati. Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa mtu wa kazi, na kipande chake shingoni. Kulima kahawa yake mwenyewe katika Kiambu hakuruhusiwa.

Walakini Uingereza haikuwa mbali naye kama alivyodhani. Jembe alilolishika asubuhi, lile lenye chapa ya mamba, lilifuliwa Wolverhampton, mji ulio kama kilomita 20 tu kutoka Birmingham. Injini kubwa za Garratt, zilizoanza kuvuta magari ya moshi katika reli za Kenya na Uganda mwaka 1926, zilitengenezwa katika karakana za Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester. Kanga aliyojifunga mama wa Mombasa, mara nyingi ilipigwa chapa Manchester vilevile. Na kahawa aliyoichuma mtu wa Ruiru kwa mikono yake, akaibeba kwa debe hata penye mizani, ilitiwa magunia, ikapelekwa Mombasa, ikapanda meli, ikanadiwa London katika mtaa uitwao Mincing Lane. Kahawa ilikwenda London kila mwaka pasipo kuulizwa na mtu. Mchumaji wake akitaka kwenda, mambo yalikuwa mengine.

Wa kwanza kwenda kwa shauri hili alikuwa Johnstone Kenyatta, mwenyeji wa Ng'enda katika Gatundu, juu ya Ruiru na Thika, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jomo. Chama cha Kikuyu Central Association kilichanga fedha, shilingi kwa shilingi, akapanda meli Mombasa mwezi wa Februari 1929, akafika London mwezi wa Machi baada ya wiki tatu hivi baharini. Alikuwa na malalamiko ya watu wake kuhusu ardhi, naye alitumaini kuonana na Waziri wa Makoloni.

Mgeni atokaye mashambani, akishuka London kwa mara ya kwanza katika miaka ile, alikuta mji uliojengwa kwa mawe ya rangi ya kijivu yaliyogeuka meusi kwa masizi. Kila nyumba ilichoma makaa, na katika siku za baridi moshi ulichanganyika na ukungu hata mtu asione mkono wake. (Mwezi wa Desemba 1952 ukungu wa namna hiyo uliua maelfu ya watu katika siku chache, ndipo Bunge likatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956.) Chini ya ardhi yalipita magari ya moshi yaendayo kwa nguvu za umeme, na ngazi zilizojiendea zenyewe zikiwapandisha na kuwashusha watu. Juu yake, watu walipita mbio bila kuamkiana. Kwa Mkikuyu, ambaye kumpita mtu njiani pasipo salamu ni kama kumtukana, jambo hilo pengine lilikuwa geni kuliko ngazi za umeme.

Kenyatta alingoja sana katika mji huo. Wakubwa wa Wizara hawakuwa na haraka ya kumsikiliza mtu aliyetumwa na chama wasichokipenda. Mwezi wa Machi 1930 gazeti la The Times lilipiga chapa barua yake, iliyotaja mambo matano: ardhi, elimu, kodi ya nyumba iliyotozwa wanawake, kuwakilishwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na ruhusa ya kushika mila zilizo njema. Msomaji wa leo akiyatazama mambo hayo matano ataona hayakuwa maombi ya mtu mkali. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alirudi nyumbani, na mikono yake ilikuwa karibu mitupu.

Mwaka 1931 ndio uliopeleka watu wengi pamoja. Bunge la Uingereza liliunda Kamati ya mabaraza yake yote mawili, ya Malodi na ya Makabwela, kuchunguza shauri la kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, nayo ikataka kusikia mashahidi Waafrika. Kutoka Kenya Serikali ilipeleka watatu: Chifu Koinange wa Mbiyu wa Kiambaa, Mkikuyu; James Mutua, Mkamba; na Ezekiel Apindi, Mjaluo. Kiambaa si mbali na Kiuu. Mzee mwenye miguu mizuri angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Tanganyika nayo ilipeleka watatu, na mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, karani mkubwa wa Tanga, ambaye aliporudi aliandika kwa Kiswahili kitabu cha safari hiyo, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichopigwa chapa mwaka 1932. Kitabu hicho ni miongoni mwa vya kwanza ambavyo mtu wa Afrika ya Mashariki aliwaeleza wenzake miji ya Waingereza kwa lugha yao. Ni bahati mbaya kwamba Koinange hakuacha cha namna hiyo, maana yeye ndiye aliyekuwa na neno zito zaidi la kusema.

Tena walikuwako wawili wengine waliokwenda kwa njia yao. Mwezi wa Mei 1931 Kenyatta aliondoka Mombasa mara ya pili, naye akafuatana na Parmenas Mockerie, mwalimu wa Murang'a. Hao wawili walitumwa na chama, si na Serikali, na Kamati haikukubali kuwasikiliza. Basi ikawa hivi: katika mji mmoja, mwaka mmoja, kwa shauri moja, Wakikuyu watatu walikuwa London, mmoja aliketi mbele ya Kamati akaulizwa maswali kwa njia ya mkalimani, na wawili walibaki nje na maandiko yao mkononi. Lakini aliyekuwa ndani na waliokuwa nje walisema neno lilelile. Koinange, ambaye alikuwa chifu wa Serikali mwenye kuheshimiwa na Wazungu, hakuficha kwamba watu wa Kiambu walinyang'anywa ardhi na kwamba walitaka irudi.

Kamati ilitoa taarifa yake kabla mwaka haujaisha. Shauri la kuunganisha nchi tatu liliwekwa kando, na kuhusu ardhi Kamati ilishauri ufanywe uchunguzi. Ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 1932, chini ya Sir Morris Carter, ambayo taarifa yake ya mwaka 1934 iliwakasirisha Wakikuyu badala ya kuwaridhisha, maana mashamba ya walowezi yalibaki ya walowezi. Kumbe safari yote ile ya baharini ilizaa karatasi.

Chifu na wenzake walirudi nyumbani. Kenyatta na Mockerie hawakurudi, na hapa ndipo Birmingham inapoingia.

Hao wawili waliingia katika vyuo vya Selly Oak, upande wa kusini wa mji ule: Mockerie katika Fircroft, chuo cha wafanya kazi, na Kenyatta katika Woodbrooke, chuo cha Makweka kilichokuwa hapo kwanza nyumba ya George Cadbury, tajiri wa chokoleti. Katika mwaka huohuo Gandhi naye alipita Woodbrooke, alipokuwa Uingereza kwa mkutano wa mambo ya Bara Hindi. Birmingham wakati ule ilikuwa na watu kama milioni moja. Mitaa yake ya katikati ilijaa karakana kubwa na ndogo, zenye kutengeneza baiskeli, bunduki, kalamu za chuma, vitasa, vifungo na vito. Hapakuwa na kitu kidogo cha chuma ambacho hakikutoka huko. Nyumba za wafanya kazi zilijengwa mgongo kwa mgongo, familia kadhaa zikitumia bomba moja la maji na choo kimoja uani. Mwaka 1931 kazi zilikuwa zimekwisha kwa wengi, na Uingereza nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili wasio na kazi. Mwafrika aliyezoea kumwona Mzungu juu ya farasi tu, akisimamia, sasa alimwona Mzungu amepanga foleni, kofia imechakaa, akingoja posho. Elimu hiyo haikuandikwa katika vitabu vya chuo chochote, lakini haikusahaulika upesi.

Na karibu na vyuo hivyo, mwendo wa dakika chache, iko Bournville. Akina Cadbury walihamishia kiwanda chao hapo mwaka 1879, wakitoka katikati ya mji penye moshi, na baadaye wakajenga kijiji cha wafanya kazi chenye nyumba za bustani, viwanja vya michezo na miti. Harufu ya chokoleti hupita juu ya mapaa upepo ukivuma. Mtu wa Ruiru akifika hapo husifu bustani, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini kwa mtu wa Kiambu wa mwaka 1931 palikuwa na neno kubwa zaidi ya bustani. Kakao iliyosagwa Bournville ilitoka zaidi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, nayo haikulimwa katika mashamba ya walowezi. Ililimwa na Waafrika wenyewe, katika ardhi yao wenyewe, nao waliiuza wakapokea fedha mkononi. Kiwanda kile kikubwa, chenye kusifiwa dunia nzima, kilikula mazao ya mkulima Mwafrika wala hakikufa kwa kukosa mlowezi. Wakati huohuo Nairobi iliambiwa kwamba Mwafrika akiachiwa mbuni ataleta magonjwa na kuharibu jina la kahawa ya Kenya. Ikiwa mtu alitaka kujua kama hoja hiyo ni ya kweli, asingehitaji kusafiri Afrika Magharibi. Angesimama tu penye lango la Bournville akasoma magunia yametoka wapi.

Mockerie alitoka Birmingham akaenda Oxford, chuo cha Ruskin, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Oxford ni mji wa mawe ya rangi ya asali, wa minara na kengele, na hapana mengi ya kusema juu yake ambayo hayajasemwa. Lililo muhimu ni kwamba mwalimu huyo wa Murang'a hakutoka Uingereza kimya: mwaka 1934 kitabu chake *An African Speaks for His People* kilipigwa chapa London.

Kenyatta alirudi London, akaishi humo miaka mingi, na maisha yake hayakuwa ya raha. Tangu 1933 hata 1937 alipanga katika nyumba namba 95 ya Cambridge Street, Pimlico, ambapo leo pana kibao cha buluu chenye jina lake. Fedha zilikuwa chache, na kodi ya chumba haikungoja. Alipata riziki katika Chuo Kikuu, akiwasaidia wataalamu wa matamshi kuichunguza lugha ya Kikuyu. Yaani alilipwa kwa kusema lugha ya mama yake, neno moja baada ya jingine, mbele ya watu walioandika sauti zake katika daftari. Kazi hiyo yaweza kuchekesha, lakini makarani wanajua kwamba kazi ni kazi. Baadaye alisoma chini ya Profesa Malinowski katika chuo cha London School of Economics, na mwaka 1938 akatoa kitabu kilichowaeleza Waingereza mila za Wakikuyu, ambacho mlango wake wa kwanza kabisa baada ya ule wa ukoo ni wa ardhi.

Vita vilipoanza aliondoka London, akakaa Storrington, kijiji cha Sussex upande wa kusini. Huko alifanya kazi ya shamba na kuwapa watu mihadhara juu ya Afrika. Aliyetumwa na watu wake kuwaombea mashamba alishika jembe katika shamba la mwenyewe mwingine, maili elfu kadhaa kutoka Ng'enda. Wanakijiji walimzoea, naye akaoa mke Mwingereza mwaka 1942. Miaka ilipita. Waliomchangia nauli mwaka 1931, wengine walikuwa wamekufa.

Manchester ndiyo iliyomwamsha tena, kama yafaa kusema hivyo. Mji huo uko karibu kilomita 300 kwa reli kutoka London, kaskazini-magharibi, nao uliishi kwa pamba. Ulichimba mfereji mkubwa, uliofunguliwa mwaka 1894, ili meli za baharini ziingie mpaka mjini, jambo ambalo Liverpool hawakulipenda hata kidogo. Mvua yake ni nyepesi lakini haina mwisho, na matofali yake mekundu yalikuwa yamegeuka meusi yote. Mwezi wa Oktoba 1945, katika ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock, walikusanyika wajumbe kama 90, Waafrika na watu wa asili ya Afrika, katika Mkutano wa Tano wa Pan-African. Alikuwako Mzee Du Bois wa Marekani, George Padmore wa Trinidad, Kwame Nkrumah wa Gold Coast, na Kenyatta wa Kenya. Mwenye mikahawa katika mji huo, Ras Makonnen, aliwalisha wengi wao. Miji mingine ya Uingereza Kenyatta aliingia kama mwombaji au kama mwanafunzi. Katika Manchester aliingia kama mmoja wa wenye mkutano. Hapo hawakuandika maombi matano. Walidai uhuru.

Mwezi wa Septemba 1946 alipanda meli kurudi, akamwacha mkewe na mtoto mdogo Uingereza. Alikuwa amekaa huko miaka 15 bila kuona mlima Kenya.

Mtu wa Kiuu aendaye leo kuitazama miji hii hatakuta moshi. Karakana za Gorton zilifungwa mwaka 1966. Bournville bado hutengeneza chokoleti, ila kiwanda kimepita mikononi mwa Wamarekani. Ukumbi wa Chorlton umebaki uso wake wa mbele tu, na nyuma yake pamejengwa majumba ya chuo kikuu. Kibao chekundu ukutani humweleza mpita njia kilichotendeka. Mitaa ya Birmingham imejaa watu wa kila taifa, na mgeni atasikia Kiswahili na Kisomali sokoni kabla hajasikia Kiingereza cha zamani cha mahali pale. Upande wa nyumbani nako, mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja, ingawa jina la mji limebaki katika mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapo. Siku hizi yule ambaye babu yake alikatazwa mbuni, anahangaika kama aing'oe ajenge vyumba vya kupanga.

Chifu Koinange hakupata kuirudia London kwa shauri hilo. Mwaka 1952, baada ya kuuawa kwa Chifu Waruhiu, alikamatwa na kushtakiwa. Mahakama haikumwona na hatia, lakini Serikali ilimweka kizuizini hata uzee ukamlemea. Mwezi wa Januari 1960 wajumbe wa Kenya walikutana London, katika jumba la Lancaster House, kujadili katiba mpya. Jumba hilo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bunge alikoketi mzee mwaka 1931. Wajumbe Waafrika walitaka mwanawe, Mbiyu Koinange, awe mmoja wa washauri wao, na Serikali ikakataa. Wajumbe nao wakakataa kuingia. Mkutano ulikwama siku kadhaa, mpaka ikapatikana njia: Mbiyu angepewa kibali cha kuingia katika jumba, ila si katika chumba cha mkutano. Mbiyu akaingia, akakaa nje ya mlango. Baba yake alikufa mwaka huohuo.